Mtoto Alalaye Kinywa Wazi

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Hamjambo wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, ninyi mlioketi chini ya mwembe, ninyi mlio katika chumba cha shule, na wewe uliyebaki nyumbani na mtoto mgongoni. Mwalimu wa darasa, tafadhali ongeza sauti kidogo, na walio mbali wasogee. Leo hatutaandika maneno mengi. Manne tu. Mwalimu ayaandike ubaoni kwa herufi kubwa: PUA. ULIMI. KAAKAA. TAYA.

Tusome pamoja. Pu-a. U-li-mi. Ka-a-ka-a. Ta-ya.

(Kimya kidogo, wanafunzi wasome.)

Vema. Pua, ulimi na taya kila mtu anavijua. Kaakaa ni dari ya kinywa. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, kisha uivute nyuma polepole. Unagusa mahali pagumu penye mikunjo midogo. Hapo ndipo kaakaa. Ukizidi kwenda nyuma, panakuwa laini. Na mwisho wa pale palipo laini pananing'inia kinyama kidogo, ambacho huwezi kukifikia kwa ulimi, lakini mwenzako akishika tochi na wewe ukasema "aaa", atakiona. Kinyama hicho watu wengi hukiita kimeo. Wengine husema kimio, na wengine kilimi. Kikumbukeni, maana ndicho kilichotuletea somo hili.

Wakati wa kuvuna mpunga nilishuka kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa. Anayeijua njia ile ananielewa. Asubuhi juu Ufipa umevaa koti, na meno yanagongana kwa baridi. Kisha gari linashuka Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, na ukifika bondeni koti umelikunja kwapani, jasho linakutoka, na vumbi limekujaa puani. Nilikwenda kuwatembelea wanafunzi wa kusoma na kuandika. Walikuwa wakisoma vizuri. Wengi walikuwa akina mama, kama ilivyo mahali pengi. Wanaume walisema wako mpungani, na labda ni kweli.

Tulipomaliza kusoma, mama mmoja akabaki nyuma. Alikuwa na mwanawe wa kiume, umri wa miaka 7, na bibi wa yule mtoto alikuwa amekaa kando juu ya mkeka. Mama akaniambia, "Mwalimu, nisomee karatasi hii." Ilikuwa karatasi ya zahanati, ya tangu mwaka uliopita. Imeandikwa kikohozi, imeandikwa dawa. Nikamuuliza, "Mtoto bado anakohoa?" Akasema, "Anakohoa usiku. Anakoroma kama mtu mzima. Analala kinywa wazi, mto wote unalowa mate. Tena shuleni mwalimu wake anasema ni mkaidi, akiitwa haitiki."

Hapo bibi akaingia. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Usihangaike na karatasi hiyo. Mtoto ana kimeo. Kimekuwa kirefu, kinamkuna koo. Tukishauza mpunga tutamwita fundi akikate, na mambo yatakwisha."

Nikanyamaza kidogo. Nitawaambieni kwa nini. Kimeo changu mimi mwenyewe kilikatwa. Nilikuwa mdogo, sikumbuki miaka mingapi, lakini nakumbuka magoti ya mjomba yaliyonibana, na kisu kilichopinda kama mundu mdogo, na damu iliyojaa beseni. Kisu kile kilifutwa kwa kitambaa, kikaingia kinywani mwa mtoto mwingine, binamu yangu, siku ile ile. Nikamweleza bibi hivyo. Naye akacheka, akasema, "Basi wewe si u mzima? Si unasema redioni? Kilikudhuru nini?"

Swali hilo ni la haki. Mtu mzima akiuliza swali la haki, hastahili kujibiwa kwa kudharauliwa. Nikamwambia, "Bibi, nilipona kisu. Kikohozi hakikupona. Niliendelea kukohoa usiku mpaka nilipokaribia kubalehe, maana kimeo hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika pua."

Basi hilo ndilo somo letu.

Hesabu ndogo kwanza. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tuchukue 15. Mwalimu aandike: 15 mara 60 ni 900 kwa saa moja. Kisha 900 mara 24. Fanyeni polepole.

(Kimya kidogo.)

Mmepata 21,600? Ndivyo. Kila siku tunavuta pumzi zaidi ya mara elfu ishirini, nazo zote zimekusudiwa kupita puani. Ndani ya pua mna vinywele vinavyozuia takataka, mna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na mna kuta zenye damu nyingi zinazoipasha hewa joto na kuitia unyevu. Hewa ya Sumbawanga ya mwezi wa saba ikipita puani, hufika mapafuni imekwisha kupashwa moto. Ikipita kinywani huingia baridi, kavu, na vumbi lake. Kinywa ni mlango wa chakula. Kupumua kwa kinywa ni kama kupitisha mifugo jikoni: inawezekana siku zizi likiharibika, lakini usifanye desturi.

Wazee wa Ufipa waliofua chuma walijua habari ya njia ya hewa kuliko sisi. Lile tanuru lao refu, lililozidi kimo cha mtu, wakiliita ilungu, na mengi malungu, halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini. Mivukuto ilitumika baadaye tu, katika tanuru dogo la kusafishia chuma. Mabaki ya malungu bado yanaonekana huko juu Ufipa. Sasa fikiri, mirija ile ikizibwa kwa udongo, moto utakuwaje? Na mtoto aliyezibwa pua usiku kucha, mwili wake utafanyaje kazi?

Ni nini kinachoziba pua ya mtoto? Mambo ni mengi. Mafua ya siku chache hayana neno. Moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha huvimbisha ndani ya pua, na vumbi la kupepeta mpunga pia. Wapo watoto wenye mzio, yaani mwili wao hukasirishwa na vumbi au chavua, wakapiga chafya kila asubuhi. Yupo mtoto aliyetia punje ya hindi au haragwe puani akanyamaza kwa hofu ya kupigwa. Huyo hutoa kamasi zinazonuka upande mmoja tu. Mtoto wa namna hiyo usimchokoe kwa kijiti wala kwa kidole, utaisukuma punje ndani zaidi. Mpeleke kituo cha afya. Na wazee wangu, ugoro nao. Najua hamtaki kusikia, lakini pua iliyozoea ugoro huvimba, nanyi ndio mnaolalamika kwamba hampumui usiku.

Lakini kwa mtoto wa umri kama wa yule wa Mtowisa, kitu kinachoonekana mara nyingi ni vinyama vya nyuma ya pua. Watu huviita nyama za puani. Kila mtoto anavyo. Viko juu, nyuma ya kaakaa laini, huwezi kuviona kwa kutazama kinywani, na kazi yao ni kusaidia mwili kupigana na vijidudu. Hukua sana mtoto akiwa na umri wa miaka 3 hadi 7 hivi, kisha hupungua vyenyewe, na kwa mtu mzima huwa karibu vimekwisha. Kwa watoto wengine huwa vikubwa mno, vikaziba njia. Ndipo mtoto anakoroma. Kamasi zikikosa njia ya mbele hutiririka kooni akilala, naye anakohoa. Bibi anatazama kinywani kwa tochi, na kitu pekee anachokiona kikining'inia ni kimeo. Basi kimeo kinashtakiwa, na mwenye hatia amejificha ghorofani!

Tena liko jambo jingine, nalo ndilo lililomuumiza yule mama zaidi nilipomweleza. Nyuma ya pua kuna vijia viwili vidogo vinavyokwenda masikioni. Nyama za puani zikiviziba, maji mazito hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto husikia kama mtu aliyejifunika blanketi kichwani. Mwalimu anaita, yeye haitiki. Anaitwa mkaidi. Anachapwa. Mama yule alimtazama mwanawe, akasema, "Nami nimempiga kwa hilo." Sikuwa na la kumjibu.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1868 daktari mmoja wa Copenhagen katika nchi ya Denmark, jina lake Wilhelm Meyer, aliandika juu ya vinyama hivi. Alikuwa amempata msichana asiyesikia vizuri na mwenye pua iliyoziba siku zote. Akapitisha kidole nyuma ya kaakaa, akagusa nyama laini zilizojaa. Alipoziondoa na kuwachunguza watoto wengine, alitambua kwamba watoto wengi waliodhaniwa wazito wa akili hawakuwa wazito hata kidogo.

Sasa twende kwenye maneno yetu mengine, ulimi na taya.

Funga kinywa chako taratibu, usibane meno. Pumua kwa pua. Ulimi wako uko wapi? Kwa mtu mwenye pua nzuri, ulimi umelala juu, umegusa kaakaa, na ncha yake iko nyuma kidogo ya meno ya juu bila kuyasukuma. Ulimi ni nyama yenye nguvu. Kwa mtoto anayekua, ulimi ukikaa juu hulisaidia taya la juu kupanuka, kama mguu unavyopanua kiatu kipya. Mtoto apumuaye kwa kinywa hawezi kuuweka juu, maana atakosa hewa. Basi ulimi unashuka chini. Mashavu yanabana kutoka nje, ndani hakuna wa kuyazuia. Miaka ikipita, mara nyingi taya la juu huwa jembamba, kaakaa hupanda kama paa la msonge, meno hukosa nafasi yakapandana, midomo haikutani, na uso huwa mrefu. Si kila mtoto, na yako mambo mengine pia, kama kunyonya kidole mpaka umri mkubwa, au maumbile ya ukoo. Lakini Egil Harvold, mwalimu wa madaktari wa meno huko California, Marekani, alijaribu kwa nyani. Aliziba pua za nyani wadogo waliokuwa wazima, na mwaka 1981 akaeleza yaliyotokea: mataya na meno yao yalibadilika, kila mmoja kwa namna yake, kadiri alivyojifunza kupumua kwa kinywa.

Kabla ya hapo, mwaka 1918, daktari wa meno wa Boston aitwaye Alfred Rogers alikwisha kuandika kwamba misuli ya uso na kinywa yaweza kuzoezwa kama askari wanavyozoezwa miguu, ili meno yakae vizuri. Kazi hiyo imeendelea mpaka leo, na katika nchi kadhaa wako wataalamu ambao kazi yao ni hiyo tu: kumfundisha mtu kuweka ulimi mahali pake, kufunga midomo, kumeza vizuri na kupumua kwa pua. Kwetu wataalamu wa namna hiyo ni haba sana. Lakini mazoezi yenyewe hayahitaji mashine, nami nitawafundisha machache. Ngojeni kidogo.

Ngojeni, kwa sababu watu hupenda kurukia mazoezi na kusahau njia. Zoezi haliondoi nyama za puani. Zoezi halitoi punje ya hindi. Kumfunga midomo kwa nguvu mtoto ambaye pua yake imeziba, kwa kitambaa au kwa gundi ya karatasi, ni kumnyonga. Nasema wazi ili asiwepo atakayeniambia kesho nilimfundisha hivyo redioni. Kwanza pua, ndipo ulimi.

Pima hivi. Chukua kioo kidogo, cha kunyolea chatosha. Kishike chini ya pua ya mtoto, naye afunge kinywa na kupumua. Kioo hufanya ukungu pande mbili. Ukungu ukiwa upande mmoja tu, au haupo, njia imeziba. Tena mwambie mtoto aliyetimiza miaka 5 au zaidi ashike maji kinywani bila kuyameza, huku akipumua kwa pua. Hesabu mpaka 60. Akishindwa mapema, na si siku ya mafua, una jambo la kumweleza tabibu.

Pua iliyojaa kamasi yaweza kusafishwa kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yachemke sawasawa, yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha bilauri moja utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kisijae kilima. Matone machache kila tundu, kisha apenge polepole, upande mmoja mmoja. Maji ya mtoni au ya kisimani yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe.

Sasa zoezi. Wote fungeni vinywa, hata mwalimu. Pumueni kwa pua. Inueni ncha ya ulimi, iwekeni pale unapoiweka ukisema "la". Semeni: la, la, la. Hapo hapo. Sasa bandikeni ulimi wote kwenye kaakaa kama mtu anayefyonza, kisha uachieni kwa kishindo, kama mnavyoita punda. Tena. Tena.

(Kicheko kinaruhusiwa.)

Mtoto afanye hivyo mara 20 asubuhi na mara 20 jioni, nanyi mtaona hamna haja ya kumlazimisha, maana ni mchezo. La pili, ulimi ukiwa umebandikwa juu, afungue na kufunga taya polepole bila kuuachia. Hilo ni gumu kidogo. La tatu ni la midomo: chukua kifungo kikubwa cha koti, kifunge kwa uzi imara, mtoto akiweke mbele ya meno, nyuma ya midomo, naye mzazi avute uzi taratibu huku mtoto akikizuia kwa midomo tu. Uzi usiuachie mkononi, na mtoto mdogo usimpe kabisa, asije akameza. La nne halina gharama: mtoto atafune vitu vigumu, mhogo mbichi mtamu, muwa, mahindi ya kuchoma, pande zote mbili za kinywa, midomo ikiwa imefungwa. Baada ya mafua kupona, watoto wengi huendelea kupumua kwa kinywa kwa mazoea tu. Hao ndio mazoezi haya yanawafaa zaidi. Mtoto aliyetolewa nyama za puani pia hubaki na mazoea ya zamani, naye sharti afundishwe upya.

Na meno yaliyokwisha kupandana? Sitawadanganya. Ulimi peke yake hauwezi kunyosha taya la mtu mzima.

Lakini kwa watu wazima wanaokoroma kuna habari njema kidogo. Mpo hapo, na wake zenu wanawajua. Kukoroma kwa kawaida ni kelele tu. Lakini yuko mtu anayekoroma, kisha ananyamaza kimya, pumzi imekatika, mpaka unataka kumsukuma, halafu anashtuka kama aliyezamishwa majini na kuanza tena. Mtu huyo hulala saa nane akaamka amechoka. Mchana anasinzia kwenye kikao, au mbaya zaidi, kwenye usukani. Ugonjwa huo unapandisha presha ya damu na kuuchosha moyo. Huko São Paulo, Brazili, mwaka 2009 waganga walitoa habari za watu 31 wenye ugonjwa huo wa kadiri. Wengine walizoeza ulimi, kaakaa laini na mashavu nusu saa kila siku kwa miezi mitatu. Wengine walivuta pumzi ndefu tu. Wale wa mazoezi, mikatiko ya pumzi ilipungua kutoka kama 22 kwa saa hadi kama 14, na wale wengine hawakupata nafuu. Na mwaka 2006 huko Uswisi watu walipewa baragumu refu la mti wapigalo wenyeji wa Australia, wakalipiga miezi minne, na kusinzia kwao mchana kukapungua. Basi babu apigaye baragumu asichekwe. Hata hivyo mwenye ugonjwa mkali hawezi kutegemea mazoezi peke yake, na mnene akipunguza mwili, na mnywaji akiacha pombe ya jioni, watapata nafuu pia.

Nirudi kwa kimeo, maana bibi ananingoja.

Kimeo kina kazi. Pamoja na kaakaa laini hufunga njia ya pua unapomeza, na husaidia sauti. Kimeo kirefu si ugonjwa, kama pua ndefu isivyo ugonjwa. Kikivimba pamoja na koo, kitashuka koo likipona. Akatwaye kwa kisu cha fundi huweza kutoka damu mpaka akafa, maana damu ya kooni huwezi kuifunga kitambaa. Huweza kupata usaha, huweza kupata pepopunda, ile inayokaza mataya. Na kisu kipitacho kutoka kinywa hadi kinywa hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Ni hivyo hivyo kwa yale yaitwayo meno ya nailoni, au ya plastiki, yaliyoanza kusemwa nchini mwetu kwenye miaka ya 1980. Mtoto mchanga ana homa na kuharisha, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anauchimba. Ule uvimbe ni chonge la utotoni linalosubiri siku zake. Ukilichimba unaweza kuharibu na mbegu ya chonge la ukubwani, na kuharisha kunaendelea, mtoto anakufa kwa kukaukiwa maji huku watu wanatazama ufizi.

Kikohozi nacho kina sababu nyingine. Kikizidi wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Akipiga mluzi kifuani, huenda ni pumu. Na hili mliandike, hata kama mkono unauma. Mtoto mwenye kikohozi, mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi mwaka 1, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi. Akifikia hapo, au nyama ya chini ya mbavu ikizama ndani kila avutapo, hiyo si pua tena, ni mapafu. Usingoje kesho, usingoje gari la mnada. Nenda kituo cha afya usiku huo.

Bibi alinisikiliza yote. Mwisho akaniuliza, "Na hizo nyama za puani, fundi wenu hazikati kwa kisu?" Nikasema, "Hukata, bibi. Lakini mtoto amelazwa usingizi, chombo kimechemshwa, na wako watu wa kuzuia damu. Tena si kila mtoto hukatwa. Wengine hupewa dawa ya kupulizia puani na kungojwa, maana zitapungua zenyewe." Akatikisa kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema, "Mpunga utauzwa vile vile."

Siku ya pili mama akampeleka mtoto kituo cha afya. Tabibu alimpima kwa kioo, kama nilivyowaeleza, akamtazama masikio, akaandika barua ya kwenda hospitali ya mkoa Sumbawanga. Kwa daktari wa masikio, pua na koo huenda wakatumwa mbali zaidi. Muhimbili kule Dar es Salaam wapo, lakini njia ni ndefu na nauli si ndogo, nanyi mnaoishi bondeni mnajua gunia la mpunga huuzwa kiasi gani wakati wa mavuno. Niliposikia habari zao mara ya mwisho, barua ilikuwa imeshonewa ndani ya mfuko wa nguo, magunia mawili yametengwa, na bibi ndiye aliyeyafunga kamba. Mwalimu wa shule amemsogeza mtoto dawati la mbele. Hilo halikugharimu kitu, na mama anasema mtoto sasa anaitika.

Kazi ya nyumbani. Leo usiku, watoto wakishalala, chukueni taa, mwende taratibu kitandani au mkekani. Andikeni katika daftari jina la kila mtoto, na mbele ya jina neno moja, WAZI au FUNGE. Akikoroma, tia alama ya msalaba. Fanyeni hivyo usiku saba, kisha mwalimu ayakusanye madaftari, na yeyote mwenye WAZI mara tano au zaidi apewe nafasi ya kusimulia. Mwenye saa ya mkono awaazime wenzake kwa kuhesabu pumzi.

Haya, mwalimu, futa ubao. Kwaherini.